Maambukizi

Kazi yangu ni kuzuia maambukizi.
Nanawa mpaka viwiko, navaa glavu, navua glavu,
kila bomba lina jina la mtu, kila sindano huishi siku moja.
Miaka kumi na tisa hapa Kutaisi, chumba cha kusafishia damu,
sijaruhusu tone la huyu liingie kwa yule.

Midomo sikufundishwa kuifunga.

Murtaz wa Lanchkhuti, mashine ya tatu.
Watu wa Guria huongea kana kwamba neno litachacha likicheleweshwa:
alimeza mikia ya maneno, akapandisha hili juu ya lile,
na kabla hujaishika bei ya chai ya mwaka jana
amekwisha kumzika shemeji na kununua trekta.

Severian wa Oni, mfuga nyuki, mashine ya nne.
Watu wa Racha hawakopi pumzi.
Ukimuuliza, "Umelalaje?"
alitazama dari kwanza,
kama mtu apapasaye ufunguo kwenye koti la zamani,
halafu:
"Ndiyo... hivyo... basi."
Nimeshapima presha za watu wawili ndipo jibu linafika.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
kila mara muda wa saa nne, mkono umenyooshwa.
Mwanzoni waligongana.
Murtaz alimmalizia mwenzake sentensi
kama mwenyeji akujaziaye glasi hujaomba;
Severian aliiacha pale, imejaa.
"Huyu ataniua kabla ya figo," Murtaz alininong'oneza.
Mwenzake alinena hilohilo,
alianza Jumatano, akamaliza Ijumaa.

Lini hasa, sikuona.
Chati ina nafasi ya uzito, ya potasiamu, ya joto.
Labda ni vuli ile walipobishania asali chungu ya milimani,
Murtaz akasema "ndiyo hivyo basi" kwa kumwigiza,
tukacheka chumba kizima.
Kesho kutwa akasema tena.
Mzaha haukuwemo.
Na Severian, ambaye kila silabi aliivalisha viatu,
nikamsikia akiziachia nyingine zitoke pekupeku.

Kufika Desemba nikiwapa mgongo, nafungasha pamba,
sikujua nani anayeongea.
Walikuwa wamehamia mahali si Guria wala si Racha,
hakuna basi liendalo huko.
Damu ilitoka, ikaoshwa, ikarudi kwa mwenyewe.
Maneno yalitoka,
yakarudi kwa jirani.

Februari theluji ilifunga barabara ya Oni.
Ikafunguliwa.
Severian hakuja.
Nilipomwambia Murtaz, hakusema kitu.
Alitazama dari.
Nilimaliza kumfunga bendeji, nikaandika saa, nikafuta meza,
bado alikuwa kwenye dari.

Mkewe marehemu, Tsiuri, alifuata blanketi na ndala.
Murtaz akampa pole, maneno ya kawaida ya msiba,
na mwishoni, bila kukusudia, lile neno.
Mama akashika ukingo wa kitanda.
"Rudia."
"Nirudie nini, mama?"
"Hilo la mwisho. Usiharakishe."
Akarudia. Akarudia tena.
Mara ya tatu mama alikuwa amefumba macho.
Kisha akakunja blanketi, pembe kwa pembe,
ndala moja akaisahau. Ningali nayo kabatini.

Jumapili binti yangu hupiga simu kutoka Bari,
analea kikongwe wa Kitaliano mwenye kiharusi.
Siku hizi kila sentensi yake inapanda mwishoni
kama anayeita mtu ghorofani.
Sijamwambia.
Jana aliuliza, "Mama, mbona unaongea kama mtu wa Racha?"
Mimi, mzaliwa wa Zestaponi, mama yangu wa Zestaponi!
Nikataka kukanusha.

Nikatazama dari kwanza.