Jembe la Mgeni

Mimi ndiye mwenye funguo za Nyumba ya Wageni Pumzi,
Moshi, mtaa wa nyuma ya soko la Mbuyuni:
vyumba kumi na vinne, maji ya moto mwisho saa nne,
na mlango wa namba kumi na moja haufunguki
mpaka uunyanyue kidogo kwa goti.

Wanashuka mlimani baada ya siku sita,
kucha nyeusi, midomo imepasuka,
wanaulizia bia kabla ya kuniuliza jina.
Naandika: atokako, aendako, siku atakazolala.
Mezani pangu pana madaftari mawili.

La kijani ni la Mzee Kanankira, mwenye nyumba.
Humo kila aliyelala, amelala.
La bluu ni la halmashauri.
Humo jana walilala watatu,
vyumba vingine vikalala vyenyewe.

"Ushuru wa kulala!" husema Mzee. "Tangu lini usingizi ukatozwa?"
Tunacheka. Mshahara wangu hulipa tarehe ishirini na nane, hakosi.
Na hoja anayo: mwaka juzi alipeleka zote,
tukaona nini? Semina. Fulana za njano.
Taa moja ya barabarani, ikawaka wiki mbili,
sasa ndege wametagia humo.

Bibi yangu wa Uru hakuchoka kusema:
mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Utampaje jembe mtu wa Oslo, bibi,
asiyejua hata mgomba unapaliliwa wapi?
Nimepata jibu zamu ya usiku, nikipiga hesabu:
ni ule mstari wa mwisho kwenye risiti,
pesa isiyofika bei ya soda mbili.
Jembe lisilo na mpini.
Yeye anapanda basi la Namanga,
lenyewe linabaki huku, linalima.

Kama limeandikwa.

Masika ya mwaka huu shimo la choo cha shule lilititia.
Wasichana mia nne, matundu matatu.
Mwanangu Aichi, darasa la tatu, hanywi maji
toka alfajiri hadi kengele ya kutoka.
Ana miaka tisa na amejua kukausha koo.

Kwenye kikao cha wazazi Bi. Nakijwa, mtendaji wa kata,
akavaa miwani, akasoma: "Nyumba za wageni, kata nzima,
Februari, usiku uliolaliwa: mia moja na nne.
Kwa mapato haya, choo kingoje bajeti ijayo."
Nikaziba mdomo kwa ncha ya khanga.
Pumzi peke yake, daftari la kijani:
mia mbili kumi na moja.

Walikuja na majembe yao, mmoja mmoja, hadi mlangoni.
Nikawapokea, nikawapa taulo, nikawapa sabuni,
kisha nikaiambia kata: hakuja mtu.

Leo usiku wamo Wapolandi wanane, Wakorea wawili,
na mama mmoja wa Singida, amekuja kumuuguza
mumewe KCMC. Namba kumi na moja.
Amelipa kwa noti zilizofungwa kwenye pindo,
akazinyoosha moja moja juu ya meza yangu.

Nimefungua la bluu.
Nimeandika kumi na mmoja, kwa wino.
Kesho Mzee atahesabu, hulamba kidole kwanza,
na sijui atakapofika mstari wa mwisho atasema nini.
Juu ya mlango wetu fundi aliandika kwa rangi nyekundu
MGENI NJOO MWENYEJI APONE.
Nimepita chini yake miaka mitano
bila kuuliza mwenyeji ni nani.

"Naomba risiti, mwanangu," akasema mama wa Singida.
Ya nini? "Basi tu. Niwe nayo."
Mashine ikakohoa, ikakwama,
nikaipiga kofi,
ikatoa.