Theluthi ya Hewa

Baba aliacha kula siku ya Jumatatu.
Hakusema anaumwa. Alisema bukari imekuwa nzito,
akaisukuma sahani kama anayerudisha deni lisilo lake.
Tumbo gumu. Ulimi umepakwa weupe
kama chokaa ya kuta za kambi.

Nikaenda soko la Kenya, kwa Hansaben,
auzaye bizari kwa kijiko na nasaha bila kipimo.
Hakuniuliza Baba amekula nini.
Aliuliza, "Anakula saa ngapi?
Na anapokula, anamkasirikia nani?"

Kesho yake Baba akaja mwenyewe, na fimbo, na ubishi,
akaketi juu ya gunia la dengu.
"Tumboni mna moto," Hansaben akamwambia,
"katika Ayurveda tunauita agni.
Kuna unaorukaruka, leo upo, kesho haupo.
Kuna mkali, unaounguza hata chungu.
Kuna mzembe, kama wako, unaofuka moshi tu.
Na kuna ule wa sawasawa,
ambao mwenyewe hajui hata kama anao."

Baba akacheka, mara ya kwanza tangu barua ile.
"Mama, nimelisha tanuru miaka thelathini na moja.
Leo unanifundisha moto?"

Basi wakafundishana.
Hansaben: chakula hupikwa tena ndani,
kwanza kitamu, kisha kichachu, kisha kikali;
utomvu wake huwa damu, damu huwa nyama,
nyama mafuta, mafuta mfupa,
mfupa uboho, uboho mbegu,
kila kimoja kikiwa jiko la kinachofuata.
Baba: jiwe la kijani, kisha uji mwekundu,
kisha shaba yenye malengelenge, kisha
"shaba yenyewe, mama, unajiona uso ndani yake."

"Na moto ukilegea?"
"Hubaki kisichoiva. Kizito, kinanata,
kinaziba njia zote. Jina lake ama."

Ama!
Kwetu ni neno la aliyekwama njia panda:
si chakula tena, ama si mwili bado.

"Mavi ya shaba," Baba akasema polepole,
akageuza uso kuelekea ule mlima mweusi
walioumwaga wao, moto kwa moto, zamu kwa zamu,
hadi mji ukazoea kuuita mlima.

Akapewa tangawizi na punje ya chumvi, kabla ya kula.
Maji ya moto, funda ndogondogo.
Munkoyo wa barafu, hapana.
Asile cha leo kabla cha jana hakijashuka;
na dalili ni kucheua kusiko na ladha ya jana.
"Kisha tumbo ligawe: theluthi chakula, theluthi maji,
theluthi liache tupu.
Ni ya hewa. Moto nao hupumua."

Baba akakaa kimya, akichora vumbi kwa fimbo.
"Miaka ile mshahara haukuja," akasema,
"sisi tuliacha theluthi mbili za hewa.
Sikujua kumbe tulikuwa tunatibiwa."

Hansaben hakucheka.
Alimwongezea kijiko cha bizari nyembamba, hakutaja bei.

Jioni nikawasha mbabula. Makala yalikuwa mabichi,
nikapuliza hadi machozi.
Sombe, bukari kidogo, samaki mmoja wa chumvi.
Kabla ya tonge la kwanza Baba akaitoa barua mfukoni,
imekunjwa mara nane, imelowa jasho la mwaka mzima,
akatusomea, yeye ambaye alituambia imepotea.
Neno kwa neno. Kwa kutafuna.
"Kampuni inasikitika." Akatulia hapo,
akainywea maji ya moto,
akaendelea: tarehe, namba yake ya kazi,
hesabu ambayo haikufika hata nusu,
muhuri, sahihi ya mtu asiyewahi kumwona.

Tukala. Hakuna aliyesema kitu.
Halafu akacheua, kwa sauti, bila haya,
na mama, aliyekuwa akiosha vyombo, akasimamisha mikono
kusikiliza.

Kwenye sahani palibaki tonge moja la bukari.
Nikanyoosha mkono niliondoe.
"Liache," akasema, akijipapasa chini ya mbavu.
"Pale pake pana mwenyewe."