Butu

Mota ilikuja mgongoni mwa Harkajit,
siku mbili za kupanda kutoka barabara ya Jiri,
imevikwa blanketi kama mgonjwa.
Bondeni ilizungusha kinu cha mpunga;
mwenye kinu alifilisika, sisi tukakopa.

Pipa la lami tukalipasua katikati.
Visu vikatoka kwenye springi za lori,
ishirini na vinne, vikapigwa riveti kwenye gogo la chuma,
na Harkajit akavinoa hadi akanyolea kidevu.
Tukacheka. Tukapiga makofi.

Mimi nilikuwa na bega.
Miaka ishirini na tisa ya nyundo ya mti juu ya jiwe,
gome la lokta limechemka na majivu,
tu, tu, tu, mimi na Phulsani na wifi yangu,
watu watatu, jiwe moja, mapigo hayagongani,
anayepoteza zamu huchekwa hadi jioni.
Bega likaanza kulia usiku
lenyewe, kama mlango.

Umeme wa kijito huja saa kumi na moja alfajiri.
Tukatia gome, tukatia maji,
dakika kumi na mbili!
Rojo jeupe kama mtindi, halina hata fundo.
Tukaanika fremu sabini siku hiyo,
jua likitupikia karatasi,
na wifi yangu akaanza kuhesabu bati za paa jipya.

Ilikauka nzuri. Nasema kweli, nzuri.
Karani wa ardhi kule Charikot
akaikunja mara moja, akaikunja mara mbili,
ikakatika kwenye mkunjo kama biskuti.
Akanisukumia mezani.
"Shamba litarithiwa na wajukuu," akasema,
"hati isife kabla ya babu."

Harkajit akasema: tunoe zaidi.

Usiku nikachana karatasi mbili mbele ya taa.
Ya zamani iligoma, ikaacha ndevu ndefu mpasukoni.
Mpya ilifunguka bila ubishi,
na ndani yake nyuzi fupi fupi,
kama sakafu ya kinyozi.

Basi nyundo haikuwa inakata.
Miaka yote ile sikujua ninachofanya.
Nyundo huponda, huchambua, huuchosha uzi
mpaka unamwegemea mwenzake.

Nikachukua tupa.
Siku tatu nimepiga magoti mbele ya gogo
nikiua makali, kisu baada ya kisu,
mimi niliyefundishwa kunoa kabla ya kusuka nywele.
Harkajit hakunisemesha. Alikaa nje akivuta sigara,
kila mkwaruzo ukimpita mbavuni.
Kisha nikaliinua gogo, nikaacha upenyo
wa punje ya mchele.

Sasa ni dakika hamsini, si kumi na mbili.
Karani alikunja mara saba, akachoka yeye.

Bega linalala.
Phulsani yuko Malesia, kwenye kiwanda cha glavu;
mashine moja na watu wawili yatosha,
hesabu hiyo niliifanya mimi, kwa kalamu yangu.
Mkanda wa mota una kiungo kimoja kibovu,
kila mzunguko kinapiga ubao: tu.
Harkajit anataka kukirekebisha. Nimemkataza.
Tu, kinasema,
na mkono wangu, mjinga huu,
unasubiri zamu yake.