Asilimia Nne

Nje ni nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri
na Bwana Kuramoto anasema, "Leo kuna joto."
Hatanii. Ameshinda tangu alfajiri kando ya pipa
lenye baridi ambayo theluji ya Ishikari
haijawahi kuiota:
mia mbili ishirini na tatu chini,
na katikati yake waya mwembamba kama utepe,
usio na ukinzani,
elektroni zikiandamana humo mbili mbili
kama watoto wa chekechea wavukao barabara.

Lakini umeme haufugiki.
Ukizidishiwa volti huota kucha,
huutafuta ukuta.
Basi kati ya waya na ukuta tumejaza heliamu,
maana ile gesi nzito ya vituo vya mjini
humu ingeganda kama samli,
na nitrojeni ingekuwa jiwe.
Heliamu haigandi. Heliamu haina neno na mtu.
Ubaya wake ndio huo:
kila chembe imekaa peke yake, haishiki, haishikwi,
na elektroni itorokayo huipita
kama mwizi mbele ya mlinzi aliyesinzia.

Tak.

Mara ya kumi na saba tangu Jumatatu.
Sauti ndogo, kucha juu ya sahani,
na mshale unaanguka.
Kuramoto analamba ncha ya penseli, anaandika:
*Kilovolti ishirini na nane. Imepasuka.*
Mwandiko wake haujabadilika tangu Machi,
tangu alipoanza kula samaki wa mkebe
akiwa amesimama, koti mwilini.

"Tutie hidrojeni," anasema Mineko.
"Asilimia nne, si zaidi."
"Nne? Katika mia?"
"Nne."
Mzee anafikiri. Anakagua kengele ya gesi, mara mbili.
"Mke wangu alitia chumvi hivyo hivyo," anasema,
"nami nikalalamika miaka thelathini."

Hidrojeni huja wawili wawili.
Ukiigonga hutikisika, huzunguka,
huyumba kama wazee wachezao harusini,
na elektroni mkimbizi, ikipita katikati yao,
huacha mbio zake humo kidogo kidogo
hadi ikachoka.
Hivyo ndivyo Mineko alivyonieleza,
akichora mgongoni mwa risiti.

Ishirini na nane. Kimya.
Thelathini.
Mashine ya kahawa inanguruma ukumbini,
hakuna anayeinuka.
Thelathini na tatu. Mkono wa Mineko
uko kwenye kirungu, haupumui.
Thelathini na sita,

tak.

Hatukupiga makofi. Imepasuka, na ikipasuka
imepasuka; pampu inalia vilevile,
kesho tutafungua pipa na kusugua doa jeusi
kwenye shaba, dogo kuliko chawa.
Kuramoto anaandika namba, anaandika neno lake.
Kisha analifuta, polepole,
anapuliza vumbi la kifutio,
na juu ya alama iliyobaki anaandika:
*Imechelewa.*

Anaomba ile risiti. Anaikunja,
anaitia mfukoni mwa koti,
anatoka kwenda kufukua gari lake.