Vitenzi Vikaidi

Alhamisi, saa moja jioni, ukumbi wa kanisa, Peterhead.
Hita inakohoa kama mzee aliyekatazwa tumbaku,
na mimi, Elspeth, karani mstaafu wa bandari,
nimeshika chaki nifundishe jana.

Ni rahisi, nawaambia. Chukua kitenzi,
kibandike mkia, herufi mbili tu, e na d,
kama lebo ya kreti iliyokwisha kupimwa:
walk, walked. Kazi imekwisha, kreti iende.
Wanaandika. Madaftari yananuka samaki.

Kisha vinakuja vikaidi.
"Go" anavua koti mlangoni, anayeingia ni "went",
hawafanani hata kisogo.
Kazimieras anacheka: huyu ni mtoto wa jirani!
Nami siwaambii kwamba bibi yangu,
aliyetia chumvi heringi kwenye gati hili hili,
alisema "gaed" mpaka wakamzika,
na kwamba shuleni alichapwa rula kiganjani kwa ajili yake,
hadi neno likahamia jikoni, likaishi huko.

Ausma haandiki.
Ausma wa Liepāja, akataye minofu usiku kucha,
ameweka kidole kwenye orodha,
kidole chenye plasta ya buluu:
cut, cut, cut.
Kosa la chapa? ananiuliza.
Hapana. Leo cut, jana cut.
Na hiki? Shut. Na hiki? Put. Vivyo hivyo.
Anaikodolea orodha kama mtu aliyekuta
jina la kijiji chake kwenye ramani ya wageni.
Hivi navijua, anasema. Hivi ni vya kiwandani.

Natafuta kanuni. Ninayo, ukurasa wa tisini:
mkia ulimezwa na t ya mwisho,
karne nyingi nyuma, ulimi ulipochoka
kugonga meno mara mbili.
Nimeisema yote. Haikumsaidia mtu.

Zoezi basi: sentensi moja, wakati uliopita.
Kazimieras ameuza gari, ameandika "selled",
namsahihisha, anaapa kwa Kilithuania.
Ausma ameandika: My hands hurt.
Leo au jana? namuuliza.
Ongeza neno la wakati, msomaji ajue.
Anaandika jana, anafuta.
Anaandika leo, anafuta,
karatasi inaanza kutoboka.

Nje, basi la zamu ya usiku linapiga honi.
Anavaa glavu juu ya plasta,
anasahau daftari wazi mezani.

Peni nyekundu ninayo.
Nimesoma mara tatu, nimezima taa, nimeiwasha tena.
Sentensi haina kosa.

Basi limeshika barabara ya kiwandani.
Gaed, nasema, kwa sauti,
mbele ya viti vitupu na hita:
she gaed.