Pete Isiyovaliwa

Pete ya ndoa niliivua mwaka wa tano,
vidole vilipovimba kwa baridi ya tope,
nikaitupia kwenye kopo la vifungo.
Hii nyingine haivaliki. Ni bapa la chuma
lenye tundu la milimita arobaini,
nimelifunga kwa kamba kiunoni.
Kombe likipita tunduni, linarudi mchangani.
Likikwama, langu.
Ndiyo sheria yote. Mengine ni mikutano.

Na mikutano, Mungu wangu!
Ukumbi wa chama, nyuma ya kiwanda cha samaki,
wanawake themanini na mmoja, mabuti mlangoni yakinuka,
Dorinda akisoma hesabu kwa miwani ya mjukuu wake,
Obdulia akibisha kabla hajasikia anachokibishia:
tushuke siku ngapi kwa mwezi,
kilo ngapi kwa kichwa,
nani akeshe zamu ya Jumamosi,
na nani anajisingizia mgongo
ilhali mgongo unatuuma sote.

Zamani hatukuwa na haya.
Nasema sisi. Nisijifiche: mimi.
Mume yuko Uswisi akipiga plasta nyumba za wengine,
usiku wa bamvua, maji yamekupwa hadi nguzo za gati la kale,
nilishuka na taa nimeivika soksi,
nikachokoa makombe madogo kama ukucha wa mtoto,
nikamuuzia mtu wa gari jeupe, asiyeuliza.
Tulikula mbegu,
kisha tukashangaa shamba halioti.

Ikawa reki inarudi na mawe, na nyuzi za nailoni,
siku moja na meno ya bandia.
Hori zima la Arnela, hapa kwetu Galisia,
ukilitegea sikio maji yakitoka,
hukusikia hata ule mlio mdogo
wa kombe kufunga mdomo.

Ndipo tukaanza kupanda.
Mjini wakatucheka: nani hupanda bahari?
Mbegu zilikuja kwa lori la barafu, katika magunia mabichi,
laki sita, kila moja punje ya dengu.
Tukazitawanya tukirudi kinyumenyume, tusizikanyage,
kama mtu anayepiga deki nyumba
ambayo hataki kutoka.
Tukang'oa mwani uliooza.
Tukageuza tope kama unavyogeuza godoro la mgonjwa.

Na zamu yangu ya usiku nikamkamata Brais,
mtoto wa Obdulia, miaka kumi na saba,
ndoo mkononi, taa ameivika soksi.
Soksi! Nilicheka hadi akaogopa.
Sikumpeleka kwa askari. Nilimpa pete.
Pima, nikamwambia. Moja moja. Yote.
Kulipokucha vidole vyake havikunjiki,
na kati ya makombe mia tatu na kumi na mawili
kumi na moja tu yalikwama.
Mama yake hakunisemesha hadi Pasaka.

Halafu Novemba ile mvua haikukata.
Juu mtoni bwawa likafunguliwa milango,
na maji matamu, yale tunayoyaombea bustanini,
yakawalalia wazaliwa wa chumvi siku tisa.
Tuliyakuta makombe yamefumbua midomo,
kazi ya miaka minne, inanuka.
Dorinda aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Hakuna aliyesoma hesabu.

Machi, lori la barafu likapiga honi gatini.
Tulibaki sitini na wanne.
Wengine wamekwenda kufua mashuka ya hoteli, siwalaumu.
Brais alikuwa akishusha magunia, hakuitwa na mtu.
Obdulia alinipita, akageuka,
akashika kamba ya pete iliyonilegea kiunoni,
akaikaza, akaikaza mno, makusudi,
akasema: "Wewe mwizi, mstari wako umepinda."

Nikaunyoosha.