Kibuyu cha Sechelela

Niliosha kibuyu cha mama kwa sabuni,
nikakisuuza na dawa ya kuulia vijidudu,
mimi, mpimaji wa maabara pale Mvumi,
nimefika Kongwa likizo na ujuzi wangu mkononi.

Mama hakugomba. Alikinusa tu, akasema:
"Umewafukuza wenye nyumba."

Siku ya tatu maziwa yalivunda,
povu la kijivu, uteute.
Nyumba tupu haikosi mpangaji,
na aliyewahi kufika hakuwa wa kwetu.

Ndipo nikakumbuka moshi.
Kila asubuhi kijinga cha moto huzungushwa mle ndani:
hufa wengi, husalia wavumilivu wachache,
na hao ndio wanaozaa.
Miaka arobaini ya moshi.
Hakuna aliyewafunza kuvumilia;
waliokufa hawakuacha watoto, basi.

Nikamkumbuka na yule dereva wa lori
aliyeacha vidonge siku ya nne, kikohozi kilipotulia.
Naye alikuwa anafukiza kibuyu chake,
kwa moshi hafifu,
na mimi nilimpimia makohozi mara ya pili
nisione nilichokuwa natazama.

Jirani, mama Chedego, alituazima chachu,
kikombe kimoja, kwa masharti ya kurudisha.

Jioni ile Nyemo, hana hata jino,
alilamba kidole chenye mtindi, akakunja uso.
Tumboni mwake walinzi wachanga
walikuwa wanajifunza sura:
huyu mwizi,
huyu mpita njia,
huyu tumeishi naye tangu kwa bibi,
mwacheni aketi.